Bamdogo, 47 ya Hesabu si kufeli

Shikamoo bamdogo.

Najua ya ndani hayaanikwi nje. Ila Jumapili ile pale Mbagala ulifoka mpaka jirani akapunguza redio ili asikie vizuri, kwa hiyo siri imeshakuwa ya mtaa. Na hauko peke yako, ndiyo maana naandika hapa badala ya kwenye grupu la ukoo.

Uliikunjua ripoti ya binti, kidole kikasimama kwenye Hesabu: 47. "Hata nusu hajafika!" Simu yake ikafungiwa kabatini, na soda aliyokuwa anakunywa ikapewa mdogo wake. Mtoto yuko kidato cha tatu, bamdogo, kunyang'anywa soda mbele ya wageni!

Hiyo nusu umeitoa wapi? Kwa viwango vya NECTA, Baraza la Mitihani, vya kidato cha nne, A inaanzia 75, B 65, C 45, D 30. F ni 29 kushuka chini. Kwa hiyo 47 ni C, tena C ni krediti, kama A na B. Angekuwa kidato cha sita, 47 hiyohiyo ingeitwa E. Akifika Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, inarudi kuwa C na anapita. Huko anayepata D ndiye anayerudi kufanya sapu, mtihani wa marudio, wakati sekondari D inahesabiwa ufaulu. Kusoma herufi bila kuuliza ni ya wapi ni kama kutajiwa nauli ya daladala bila kuambiwa gari linakwenda wapi.

Kwenye kufeli kwenyewe ndiko tunakochanganyikiwa zaidi. Matokeo ya kidato cha nne wanachukua masomo saba uliyofanya vizuri zaidi, A pointi 1, B 2, C 3, D 4, F 5, wanajumlisha. Pointi zikiwa chache ndiyo raha: 7 mpaka 17 ni divisheni wani, 26 mpaka 33 ni foo, 34 na 35 ni ziro. Piga hesabu uone: D mbili na F tano ni 33. Huyo amefaulu! Ana cheti.

Unakumbuka matokeo yangu? Pointi 28. Mama alipika pilau, wewe mwenyewe ulikuja na kuku wawili wamefungwa miguu, ukasema nimewatoa kimasomaso. Tukala. Nilikuwa na C mbili, Kiswahili na Uraia, D tatu, F mbili. Kidato cha tano kinataka krediti tatu, na za dini hazihesabiwi. Majina ya waliochaguliwa yalipotoka nilipitia orodha mara tatu nikidhani nimejiruka. Nilikuwa nimefaulu na sina pa kwenda. Mwaka uliofuata nikarisiti kama mtahiniwa wa kujitegemea, naamka saa kumi alfajiri kuwahi tuisheni, na hakuna aliyepika pilau.

Ndiyo maana nilinyamaza siku ile, nikaiokota ripoti ulipoitupa kwenye kochi. Nafasi ya 38 kati ya 52, sawa, hiyo inasema tu wenzake darasani wakoje. Nikashuka chini mpaka ulipoachia kusoma. Baiolojia 58. Kiingereza 61. Kemia 31.

Umeiona hiyo 31? Kwenye ripoti wameiandika D, na D wanasema amefaulu. Alama mbili tu chini yake ni F. Na binti anataka uuguzi, ameniambia mimi, wewe hajakuambia kwa sababu anakuogopa. Huko Kemia wataitafuta kabla ya kuuliza jina lake.

Nimepata mwalimu wa Kemia Temeke, anafundisha wanafunzi wanne wanne, Jumamosi asubuhi. Ada ya mwezi wa kwanza nimeshalipa mimi, usibishe. Wewe toa nauli, na ile simu itoe kabatini, maana mwalimu anatuma maswali WhatsApp.

Mwanao,
wa pointi 28