Msiing'oe ripita ya zamani kabla ya mvua

Mhariri,

Msomaji mmoja wa Nakuru aliandika hapa wiki iliyopita akitaka kaunti zote zitupe redio za zamani za zimamoto na ambulensi, zinunue za tranki, yaani mfumo ambao vikundi vyote hutumia chaneli kwa pamoja. Nimezitengeneza redio za aina zote mbili kwa miaka 28, kuanzia Busia hadi Sondu, na mengi aliyoyasema ni kweli. Ila neno lile, "zitupe", limenikosesha usingizi.

Nianze kwa kumpa haki yake. Mfumo wa zamani ni kama steji ambayo kila kikundi kina matatu yake: zimamoto hii, ambulensi ile, askari wa kaunti ile nyingine. Siku ya moto, matatu ya zimamoto inafurika hadi watu wananing'inia mlangoni, na ya jirani imesimama tupu. Chaneli nazo ni hivyo. Watu kumi wanagombea masafa mamoja, wawili wakibonyeza kitufe kwa pamoja unasikia mlio tu. Kwenye tranki chaneli zote huwekwa pamoja, moja ikawa ndiyo makanga. Ukibonyeza kitufe, redio yako inamwuliza makanga, naye anakupeleka wewe na kundi lako lote kwenye chaneli iliyo wazi, kabla hujafungua kinywa. Ukimaliza, chaneli inarudi kwa wengine. Katika TETRA, aina ya tranki iliyoenea sana Ulaya, masafa ya upana wa kilohezi 25 hubeba mazungumzo manne yakipokezana kwa kasi. Mwenye dharura hupitishwa mbele ya foleni. Sina ubishi na hayo.

Lakini makanga akianguka, je?

Shirika moja, ambalo sitalitaja, lilinunua redio mpya za tranki kabla ya mafuriko ya 2020. Mimi ndiye niliyezipanga kwa kompyuta. Niliagizwa nifute chaneli za zamani ili wafanyakazi wasichanganyikiwe, nikafuta, pamoja na ile ya kuongea redio kwa redio bila kupitia mlingoti. Usiku mmoja mto Nyando ulipokuwa umefurika, stima ikakatika mapema, na betri za kituo cha mlingoti kule kilimani, yule makanga wetu, zikaisha kabla ya saa tisa usiku. Redio zetu zikawa zinatoa mlio mmoja mfupi, ule wa kukataa.

Nilikuwa juu ya tuta la barabara karibu na Ahero. Wenzetu wa mashua walikuwa ng'ambo ya maji, mita kama mia mbili, tochi zao tunaziona. Sisi tuna redio, wao wana redio, na hakuna aliyeweza kumwambia mwenzake neno. Kijana wetu mmoja akaanza kupunga tochi juu chini, juu chini, awaonye kwamba kalvati imebomoka na maji yanavuta pale. Wakadhani anawaita. Wakaielekeza mashua papo hapo.

Kilichotuokoa ni redio kuukuu ya VHF, ya ule mfumo wa zamani, niliyokuwa nayo garini, betri yake imefungwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Nahodha alikuwa na pacha wake, kwa sababu hakuwahi kuirudisha. "Geuza, geuza, kalvati imeenda, ova." Kimya. Kisha mkwaruzo, kisha sauti yake: "Nimepata. Nageuza. Ova."

Huo mkwaruzo ninauheshimu. Redio ya zamani mtu akitoka nje ya mawimbi sauti yake huanza kukwaruza taratibu, nawe unapata nafasi ya kumwambia apande mahali palipoinuka. Ya kidijitali, kama ya TETRA, huwa safi kabisa, halafu ghafla hakuna kitu.

Wala sisemi ya zamani ndiyo bora. Machi 2001, wazima moto wa New York walipewa redio mpya za kidijitali. Siku chache baadaye mwenzao akakwama ndani ya nyumba, akaita, na wito wake haukuwafikia waliokuwa pale pale nje. Redio zile zikaondolewa, za zamani zikarudishwa. Septemba 11 za zamani nazo zikashindwa kupenya yale majengo marefu, na wengi waliokuwa katika mnara wa kaskazini hawakuisikia amri ya kushuka. Wazima moto 343 walikufa siku hiyo. Aina zote mbili ziliwaangusha ndani ya miezi sita, maana hakuna iliyojaribiwa vya kutosha mahali ambapo watu wangesimama nayo.

Ndugu yangu wa Nakuru bila shaka anaikumbuka Sachangwan, 31 Januari 2009, lori la mafuta lililowaka na kuua zaidi ya watu 100. Basi kabla kaunti yoyote haijalipia mfumo mpya, wauzaji waende na redio zao hadi pale, washuke mabondeni, waongee. Huku kwetu waje uwanda wa Kano mvua ikinyesha. Wazime stima ya kituo makusudi tuhesabu saa ambazo betri zinadumu. Kituo kikipoteza mawasiliano na makao makuu ya mfumo, watuonyeshe kama watu wa Ahero bado watasikizana wao kwa wao. Mifumo mizuri hufanya hivyo, lakini lazima iwe imepangwa tangu mwanzo.

Na katika kila redio mpya, fundi aache nafasi mbili: moja ya redio kwa redio, nyingine ya chaneli ile ya zamani ambayo zimamoto, ambulensi, machifu na watu wa mashua wote wanaisikia. Mafundi wenzangu, mkiagizwa mfute, kataeni. Mimi sikukataa.

Kuna ripita ya zamani, mtambo unaopokea sauti ya redio na kuirusha tena ifike mbali, kwenye ukingo wa milima ya Nandi, ndani ya kibanda cha mabati nilichokipaka rangi mwenyewe. Nilipanda kuiona mwezi uliopita. Taa yake ya kijani inawaka, betri mbili kati ya nne zimekufa. Nimeambiwa itang'olewa mwaka huu ili kutoa nafasi. Naomba iachwe, na hizo betri mbili zibadilishwe kabla ya mvua ya Machi.

Fundi mstaafu wa redio,
Ahero, Kisumu