Shakespeare na Cervantes hawakufa siku moja, acheni kuwafundisha watoto uongo

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma tangu nikiwa bado kazini nafundisha historia na sijawahi kuwaandikia hata mstari, mlipokosea majina ya watu nilinyamaza, mlipoweka picha ya mtu mwingine nikanyamaza, ila ile habari yenu ya Siku ya Vitabu imenishinda. Mnaikumbuka bila shaka, ile yenye picha mbili kubwa, Shakespeare, mwandishi wa Uingereza, upande huu na Cervantes, mwandishi wa Hispania, upande ule, halafu katikati mmeandika kwa wino mzito kwamba magwiji hao walifariki siku moja na saa ile ile, 23 Aprili 1616, na mkauita muujiza.

Muujiza gani jamani? Hawakufa siku moja. Na hiyo saa ile ile ndo kabisa sijui mmeitoa wapi, maana kwa Shakespeare hata siku yenyewe haikuandikwa kwenye kitabu cha kanisa pale kwao Stratford, Uingereza, kilichoandikwa ni maziko tu, tarehe 25 Aprili. Hiyo 23 inasomwa kwenye mnara wake wa ukumbusho ulioko ndani ya kanisa hilo. Sasa nyie saa mliipata kwa nani?

Wakati ule Ulaya ilikuwa na kalenda mbili. Ya zamani ilikuwa ya Juliasi Kaizari, huyo huyo ambaye Shakespeare alimtungia tamthilia na Mwalimu Nyerere akaitafsiri kwa Kiswahili. Kalenda yake ilikuwa inakosea kama dakika 11 kila mwaka. Dakika 11 utaona si kitu, lakini zikilimbikizana karne kwa karne zinakuwa siku nzima nzima, mpaka Pasaka ikaanza kuhama mahali pake, ndo mwaka 1582 Papa Gregori wa 13 akaamuru siku 10 zirukwe. Hispania ikafuata mwaka huo huo, watu wakalala Alhamisi ya 4 Oktoba wakaamka Ijumaa ya 15 Oktoba, na Mtakatifu Teresa wa Avila alifariki usiku huo huo kabisa, wa 4 kuamkia 15. Uingereza ilikuwa imeshagombana na Papa, haikutaka kusikia, ikabaki na kalenda ya Kaizari hadi 1752, na ilipokubali ikabidi iruke siku 11, kutoka 2 Septemba moja kwa moja hadi 14. Kwa hiyo 23 Aprili 1616 ya Stratford kule Madrid ilikuwa ni 3 Mei. Tena Cervantes mwenyewe alifariki tarehe 22, hiyo 23 ni siku aliyozikwa. Hesabuni basi. Shakespeare anakata roho, mwenzake ana siku 11 tangu afariki.

Na hili si jambo gumu la maprofesa. Sisi wa pwani tunaishi nalo kila siku, mtu akifa Alhamisi baada ya Magharibi tunasema kafa usiku wa Ijumaa, cheti cha kifo kitaandika Alhamisi, na hakuna anayegombana kwa sababu kila mtu anajua hizo ni hesabu mbili. Mzee wangu alikuwa na kalenda ukutani yenye tarehe za mwezi na tarehe za kizungu pamoja, na hakuwahi kuchukua namba ya upande huu akaifananisha na namba ya upande ule akasema ni siku moja. Nyie ndo mmefanya hivyo.

Ningenyamaza hata kwa hili kama kawaida yangu, lakini mjukuu wangu alikuwa kwenye mashindano ya chemsha bongo, shule siitaji, na swali likatoka humo humo kwenye habari yenu: taja waandishi wawili mashuhuri waliofariki siku moja. Mtoto akanyoosha mkono akasimama akasema vizuri tu kwa adabu kwamba watu wanasema Shakespeare na Cervantes ila siyo kweli kwa sababu nchi zao zilikuwa na kalenda tofauti, akaanza na kueleza, maana nimemfundisha mwenyewe na anaipenda hiyo habari kuliko hadithi yoyote, akafika kwenye zile siku 10 za Oktoba zisizokuwepo na ukumbi mzima umekaa kimya unasikiliza, yaani hata wale wadogo wa mbele walikuwa wamemkodolea macho, halafu mwamuzi akamkatiza. Akamwambia aache kuwachanganya wenzake. Akachukua gazeti lenu mezani akalinyanyua juu wote walione akasema hapa limeandikwa na watu wenye kazi yao, wewe umeyatoa wapi? Watoto wakacheka. Akapewa sifuri, timu yake ikatoka kwa swali hilo hilo, na wenzake wakamnunia njia nzima kurudi nyumbani. Nilikuwepo, nilinyanyuka nikajaribu kusema nikaambiwa bibi tafadhali kaa, huu ni muda wa wanafunzi. Mhariri, mtoto kasema kweli mbele ya watu kapewa sifuri, na ushahidi uliomwangusha ni karatasi yenu. Alichoniuliza usiku ni kwamba bibi, mwakani wakiuliza tena nijibu ya kweli au ya gazeti? Mimi nimefundisha maisha yangu yote, swali hilo sitaki mtoto yeyote alazimike kuniuliza.

Msidhani nachukia habari za watu kufa tarehe moja. Nazipenda, darasani nilizitumia sana, mwanafunzi hasahau. Zipo za kweli kabisa, mbona hamziandiki? John Adams na Thomas Jefferson, marais wa pili na wa tatu wa Marekani, walifariki siku moja ya kweli, 4 Julai 1826, nchi ile ile na kalenda ile ile, tena siku ambayo Tangazo lao la Uhuru lilikuwa linatimiza miaka 50. Jefferson alitangulia mchana kule Virginia akiwa na miaka 83, Adams akafuata jioni kule Massachusetts ana miaka 90, na inasimuliwa kwamba kati ya maneno yake ya mwisho alisema Jefferson bado yupo, hakujua mwenzake kashaondoka. Miaka 5 baadaye James Monroe naye, rais wa tano, akafariki 4 Julai. Au chukueni 22 Novemba 1963, Rais Kennedy wa Marekani anapigwa risasi Dallas, siku hiyo hiyo waandishi wawili, Aldous Huxley anafariki Los Angeles na C. S. Lewis anafariki Oxford, na magazeti ya dunia nzima yalijaa Kennedy hata hao wawili vifo vyao vikapita karibu kimya. Hapo kuna cha kuandika. Hata ile nyingine inayosemwa sana, kwamba Newton alizaliwa mwaka aliokufa Galileo, ni ugonjwa ule ule wa kuchanganya kalenda, Galileo kafa Januari 1642 kwa hesabu ya Italia, Newton kazaliwa Krismasi ya 1642 kwa hesabu ya Uingereza, ukiweka zote kwenye kalenda moja Newton anaangukia 4 Januari 1643. Naomba msije mkaiandika na hiyo.

Na kwa kuwa nimeshashika kalamu niseme na hili linaloniuma zaidi. Sheikh Shaaban Robert kila mara mnamwita Shakespeare wa Afrika Mashariki. Haya, alifariki lini? Vitabu vingine vinasema 20 Juni 1962, vingine 22 Juni 1962, na nyie wenyewe mwaka huu mnaandika hivi mwaka mwingine vile. Huyu si mtu wa karne ya 17! Ni 1962, nchi imeshapata uhuru, hospitali zipo, magazeti yapo, redio ipo, na hapa Tanga wapo wazee tuliowajua ambao walikuwa watu wazima alipozikwa. Mwingereza aliyekufa miaka zaidi ya 400 iliyopita tunabishania siku zake kwa sababu ya kalenda za wafalme na mapapa, wa kwetu tunabishania kwa uvivu tu, hakuna aliyenyanyuka kwenda kuuliza. Kwa Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa, simlaumu mtu, yeye ni wa zamani sana. Lakini Shaaban Robert?

Ninachotaka ni hiki. Kwanza, sahihisho, na liwe ukurasa ule ule wa ile habari, herufi ukubwa ule ule, siyo kule chini karibu na matangazo ya viwanja. Pili, kwa mtu yeyote wa Ulaya aliyekufa kati ya 1582 na 1752 mweke herufi moja pembeni ya tarehe, K kwa kalenda ya Kaizari, G kwa ya Gregori, na ufunguo wake mwandike chini ya safu. Herufi moja haiwamalizii wino. Tatu, mtumeni mwandishi mmoja, kijana mwenye subira, aje Tanga akae wiki, aende Machui na Vibambani alikozaliwa Sheikh Shaaban, aulize familia na wazee wa msikitini, atafute kumbukumbu za mwaka 1962, atuletee tarehe moja na aseme kaipata wapi. Aje mapema kabla ya Juni. Nauli ya basi ikiwa tatizo sisi walimu wastaafu wa hapa tutachanga, na pa kulala tutampa.

Ni mimi,
Mwalimu mstaafu wa historia,
Ngamiani, Tanga