Ndoo Tatu za Maji, Chupa Moja ya Shira

Kila mwezi wa Machi lawama ni ileile. Mteja ameleta ndoo tatu za lita 20 za maji ya mti wa mepo (maple), tumemchemshia yawe shira, anakuja kuchukua na kukuta chupa moja mezani. Anaitazama chupa, ananitazama mimi, kisha anauliza nyingine ziko wapi. Msimu uliopita dada mmoja anayekaa Winooski alisema mbele ya wateja wengine kwamba nimemwibia. Niliumia, maana shira yake niliikesha mwenyewe mpaka saa saba usiku. Basi leo naeleza hesabu yote, ili anayetaka kuanza kugema mepo nyumbani kwake hapa Vermont, Marekani, aanze akijua.

Kinachotoka kwenye mti si shira. Ni maji maangavu kama ya kisimani, ukiyaonja utamu unausikia kwa mbali tu. Mepo wa sukari, ambao ndio mti bora kwa kazi hii, maji yake huwa na sukari asilimia 2 hivi. Shira iliyoiva, kwa sheria ya hapa Vermont, lazima ifike asilimia 66.9. Wenye kazi hii hutumia hesabu ya 86: unagawanya 86 kwa asilimia ya sukari iliyomo katika maji yako, unapata ni lita ngapi za maji zitakazotoa lita moja ya shira. Kwa asilimia 2, ni lita 43. Yule dada alikuwa amegema mepo mwekundu ulioko nyuma ya nyumba aliyopanga, kwa ruhusa ya mwenye nyumba. Siku aliyoleta maji niliyapima akiwa amesimama pale pale, yakasoma asilimia 1.4. Hiyo ni lita 61 kwa lita moja ya shira, naye alileta lita 60. Ilipatikana lita moja kasoro kidogo, tukatoa theluthi yetu tuliyokubaliana kuwa malipo ya kuchemsha, akabaki na mililita 650. Hakuna tone lililopotea. Kilichoondoka ni mvuke.

Wateja wangu wa Pwani ndio wanaopata uchungu zaidi, nami nawaelewa. Babu yangu alikuwa mgema huko Kaloleni. Alipanda minazi asubuhi na jioni, akapunguza karara kwa kisu, akateremka na kibuyu, na lile tembo tamu bibi alilichemsha kabla halijachachuka likawa asali ya tembo. Sufuria moja ilitoa asali ya kutosha. Lakini utomvu wa mnazi una sukari mara tano na zaidi ya huu wa mepo. Ukija na macho ya mnazi, mepo lazima akuvunje moyo.

Sasa theluthi. Naulizwa kwa nini tusichukue robo, au dola chache tu, ilhali "moto ni moto". Kuni ninazochoma Machi hii zilipasuliwa mwaka jana masika na zimekaa bandani zikikauka tangu hapo, kwa sababu kuni mbichi haziwezi kulitokosa sinia lenye maji mengi kiasi hicho. Sinia lenyewe ni la chuma kisichoshika kutu, pana na fupi, ili mvuke uwe na uwazi wa kutokea. Maji yakichemka hutoa povu. Tunaliengua, na likipanda kwa fujo tunadondosha siagi ndogo kama punje ya mchele, linashuka. Maji mapya tunayamimina kidogo kidogo, moto usife. Nusu saa ya mwisho huwezi hata kwenda chooni, kwa kuwa shira hutoka kwenye kuiva na kuingia kwenye kuungua kwa dakika chache, na sinia likiungua kazi ya siku nzima imekwenda. Halafu kuna kuchuja. Shira ikiiva hutoa mchanga wake, chembechembe za madini ya mti, na mchanga huo hautoki kwa kitambaa cha chai. Tunapitisha shira ikiwa moto kwenye chujio zito la sufu, kisha tunaijaza chupani ikiwa juu ya nyuzi 82 za selsiasi, tunafunga, tunailaza chupa kidogo ili joto liguse na kizibo. Hiyo ndiyo theluthi.

Anayetaka kuikwepa huchemshia jikoni. Kaka mmoja mwenye asili ya Bukavu, mtu mwungwana sana, alinunua kwangu mirija ya kugemea na ndoo, akasema kuchemsha ataweza mwenyewe. Anaishi ghorofa ya tatu. Nilimwonya. Alichemsha siku mbili mfululizo, madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi. Fikiria: kila lita moja ya shira inaacha lita arobaini hivi za maji hewani, ndani ya nyumba ya vyumba viwili. Rangi ya dari ilivimba, karatasi za ukutani zikaachia, na mvuke ule una sukari kidogo, ukaacha unato juu ya makabati. Alipohama alikatwa dola 400 kwenye amana yake. Shira aliyopata haikufika lita mbili. Kama hutaki kutulipa, sawa kabisa, lakini chemshia nje, kwenye moto wa mawe au jiko la gesi la uani, na sufuria iwe pana. Ndani fanya umaliziaji tu, lita ya mwisho.

Njia ya mkato ya pili inaniuma zaidi kwa sababu inaharibu chakula. Mtu anaona shira imepungua, anaepua mapema ili apate chupa nyingi. Kwetu tunasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hapa maji yapo tayari, mtu anakataa tu kuyaondoa. Mama mmoja aliyetoka Uvira aliepua namna hiyo, akajaza chupa kumi na moja, akawapelekea ndugu zake mpaka Maine. Mwezi wa Juni wakaanza kumpigia simu: zimeota ukungu, nyingine zimechachuka. Alinijia akidhani ni chupa zangu mbovu. Nilipima iliyobaki, ilikuwa asilimia 58. Tuliichemsha upya bila malipo, lakini zile kumi zilikuwa zimemwagwa.

Dawa yake ni kipimajoto na haidromita, kile kifaa kinachoelea ndani ya shira na kuonyesha kiasi cha sukari. Shira huiva nyuzi 4 hivi za selsiasi juu ya joto ambalo maji hutokota. Usishike 104 kichwani kama msahafu. Maji hayatokoti kwenye joto lilelile kila siku wala kila mahali, kwa hiyo siku hiyohiyo chemsha kwanza maji matupu, soma kipimo, ongeza nne. Haidromita ndiyo inayothibitisha. Ukizidisha kuichemsha nayo, shira haiozi ila hutengeneza mawe ya sukari chini ya chupa.

Kuhusu kugema kwenyewe sitasema mengi, kwa kuwa tunakuja kukuonyesha ukinunua vifaa. Mti uzungushie kamba usawa wa kifua. Kamba ikipungua sentimita 95, mti huo uache ukue. Tundu moja, keekee ya milimita 8, kina cha sentimita 4, ukiinamisha kidogo ili maji yatoke nje. Nimewahi kuitwa kwenye mti mwembamba wenye matundu manne, mwenyewe akilalamika kwamba mrija wangu hautoi. Kila tundu huacha ubao mfu juu na chini yake ambao hautapitisha maji tena, ndiyo maana mwaka unaofuata tunahamia mbali nalo. Ndoo ziwe za kuwekea chakula. Zile za mabati za zamani zinazouzwa kwenye minada msizichukue, nyingi ziliunganishwa kwa risasi.

Maji hutoka usiku ukiganda na mchana ukiyeyuka, kuanzia mwishoni mwa Februari hivi. Machipukizi yakianza kufunguka, ng'oa mirija. Shira ya wakati huo ina ladha mbaya na sitaipokea hata kwa malipo kamili.

Kwa wanaoleta maji msimu huu: yatunzeni kama maziwa, ndoo ifukiwe kwenye theluji upande wa kivuli, na yafike kwangu yasizidi siku tatu tangu kugemwa. Ukikuta barafu juu ya ndoo, itupe bila huruma, karibu yote ni maji matupu na umeniokolea kuni. Andika tarehe na aina ya mti kwenye kifuniko. Tunapokea Jumamosi na Jumapili, saa mbili mpaka saa tano asubuhi, na kila ndoo itapimwa sukari ukiwa umesimama hapo, uandike namba mwenyewe kwenye daftari kabla hatujawasha moto.