Nunua gari, mwanangu, ila si hilo

Mtoto wa kaka yangu,

Picha uliyonitumia juzi usiku wa manane nimeiona. Nimeikuza mpaka ikabaki madoadoa. Gari jekundu, milango mitano, limeshushwa hadi tairi zinakaribia kugusa bodi, rimu nyeusi, bomba la moshi nene kama bilauri. Chini yake umeandika, "Shangazi, nifanyeje?" Sikukujibu palepale kwa sababu jibu lenyewe ni refu, na kwa sababu baba yako alishanipigia simu akiniomba nikukataze. Nimeona bora niandike hadharani, naye asome, asije akasema nimekutia maneno kwa siri.

Basi nikuambie mbele yake: sikukatazi. Gari la namna hiyo, gari dogo la michezo, nimeliendesha mwenyewe miaka sita, na baba yako anajua, maana aliwahi kuliazima akarudi amechelewa saa mbili na hakuwa na sababu ya kueleweka. Ninachokuomba ni kimoja. Tafuta gari jepesi, usitafute lenye nguvu.

Najua umeshaanza kulinganisha nguvu za farasi. Kila anayeanza hufanya hivyo, kwa kuwa ni namba na namba ni rahisi kubishania. Lakini angalia magari haya yalikotoka. Mini Cooper ya 1961 ilikuwa na nguvu za farasi 55 tu. Mdogo wake, Cooper S, akaenda kushinda rali ya Monte Carlo mwaka 1964 mbele ya magari yenye injini kubwa mara kadhaa. Golf GTI ilipoonyeshwa kwenye maonyesho ya magari ya Frankfurt mwaka 1975, Volkswagen walipanga kutengeneza 5,000 tu. Ilikuwa na nguvu za farasi 110 na uzito wa kilo 810 hivi. Wakaishia kuuza zaidi ya 450,000 za toleo hilo la kwanza. GTI ya leo ina nguvu zaidi ya mara mbili ya hizo, na uzito wake umepita kilo 1,400. Ni gari zuri, silisemi vibaya. Ila ukitaka likusisimue lazima ulikimbize mpaka mahali ambapo leseni yako haina usalama, na wewe mwenyewe huna.

Gari jepesi linakupa raha ukiwa kwenye kilomita hamsini. Nilikuwa na kona moja njiani kwenda kazini, mviringo unaopanda kidogo, hauna cha ajabu. Nilikuwa naikaribia na gia ya tatu, naachia mafuta, naingiza ya pili, nageuza usukani kidogo tu na pua ya gari inafuata palepale, kama vile imesikia kabla sijasema. Mshale wa spidi hata hamsini haujafika. Nimeipita kona ile asubuhi zote za miaka sita na sikuichoka. Mtu aliye pembezoni mwa barabara angeona mwanamke anakwenda kazini, basi.

Na hesabu ya breki iko upande wangu: spidi ikiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama tangu ukanyage breki huongezeka mara nne, maana gari linabeba nishati mara nne. Kwa hiyo raha inayopatikana chini ni raha ya bei nafuu kwa kila namna.

Ukiniuliza jina, nitakutajia Suzuki Swift Sport. Ile iliyotoka 2017 ina injini ya lita 1.4 yenye turbo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini), nguvu za farasi 140, na haifiki tani moja. Iliyoitangulia ilikuwa na lita 1.6 bila turbo, na kwa gari la kwanza mimi ningekupa hiyo. Ekseli ndogo ya turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika ikielea juu ya utando mwembamba wa oili. Mwenye gari akichelewesha kubadilisha oili mara mbili tatu, ekseli hiyo ndiyo inayolipa, na bili inakuja kwako wewe uliyenunua baadaye. Kuna pia Ford Fiesta ST, tamu sana kwenye kona, lakini Ford waliacha kutengeneza Fiesta mwaka 2023. Gari dogo la michezo jipya limekuwa adimu, kwa hiyo uwezekano mkubwa ni kwamba utanunua lililotumika.

Hapo ndipo ninapoogopa. Gari la kawaida lililotumika unanunua chuma. Gari la michezo lililotumika unanunua mguu wa aliyekutangulia.

Turudi kwenye picha yako. Tairi mbili za mbele si za aina moja. Nimeona michoro yake, mmoja una mishale, mwingine hauna. Magari haya karibu yote husukumwa na magurudumu ya mbele, hizo ndizo tairi zinazovuta, zinazogeuza, na zinazofanya kazi kubwa ya kusimamisha. Mtu aliyebana matumizi hapo, unadhani oili alinunua ya aina gani? Ukifika, inama usome ubavu wa tairi. Kuna tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Muuzaji anaweza kusema atakavyo, ile namba haibadiliki.

Kushushwa nako sikupendi. Mhandisi amekaa na springi na shokomzoba mpaka zikaelewana, halafu mtu anakuja anakata springi ili picha ipendeze. Na mwenye kushusha gari kwa kawaida hakuishia hapo. La kwangu, nilipolinunua, lilikuwa kimya kabisa, la kiungwana, hata rimu ni za kiwandani. Mwezi wa tatu klachi ikaanza kuteleza. Fundi alipochimba akagundua kompyuta ya injini iliwahi kuwekewa programu ya kuongeza nguvu, kisha ikarudishwa ya zamani kabla ya kuuzwa. Nguvu ziliondoka, uchovu ukabaki. Tangu siku hiyo najaribu klachi hivi: gia ya nne, mwendo wa pole, halafu nakanyaga mafuta yote. Injini ikipanda kelele na gari halisogei ipasavyo, namshukuru mwenye gari, namrudishia ufunguo wake.

Gharama sitaki kukuchosha nazo, baba yako ataziorodhesha vizuri kuliko mimi. Mbili tu. Pigia kampuni ya bima simu kabla hujalipa chochote, uwatajie toleo kamili, kwa sababu herufi chache nyuma ya buti zinaweza kubadilisha bima yote, hasa ukiwa na leseni changa. Na usome kifuniko cha tangi. Kama kinadai petroli ya okteni ya juu, hicho si kiburi cha mtengenezaji. Petroli duni ndani ya injini yenye mgandamizo mkubwa hulipuka kabla ya wakati wake, ukasikia kama mtu anagonga kwa kucha ndani ya boneti, ingawa injini za sasa hujilinda kwa kupunguza nguvu, nguvu zilezile ulizozilipia.

Tairi nitazirudia, nisamehe. Gari la kawaida linaweza kuvaa 185/65, yaani ubavu wa tairi ni asilimia 65 ya upana, milimita 120 hivi za mpira kati ya rimu na barabara. La michezo huvaa kama 205/45: milimita 92. Karibu sentimita tatu zimekwenda, na hizo sentimita tatu ndizo zinazokuokoa kwenye shimo. Mimi nilipinda rimu usiku wa mvua kwenye shimo ambalo lilikuwa limejaa maji, likaonekana kama dimbwi la kawaida. Usukani ukaanza kutetemeka kuanzia kilomita themanini, sikuhitaji kuambiwa. Kwa hiyo kabla ya kuamua, chukua gari lolote, pita njia yako ya kila siku taratibu, uhesabu mashimo na matuta. Kama unafika ishirini kabla hujafika kazini, subiri kwanza. Gari hili utaliendesha kila siku, si Jumapili peke yake.

Tena uwafikirie wanaokaa nyuma. Bibi yako alipanda langu mara moja. Aliposhuka alishikilia mlango muda mrefu, akaninyooshea mgongo wake kimya, na kuanzia hapo nikimfuata ananiuliza kwanza nimekuja na gari gani.

Haya. Hilo jekundu liache, na mwenye nalo mwambie asante. Ukipata lingine, lenye rimu zake za kiwandani na kijitabu cha matengenezo kilichojazwa kwa kalamu tofauti tofauti (kikijazwa chote kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, shuku), panga kwenda asubuhi. Mwombe muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Weka kiganja juu ya boneti kabla hata ya kumsalimia vizuri. Ikiwa na joto, muulize kwa upole kwa nini alilichemsha. Injini baridi inasema mengi ambayo ya moto huficha, moshi wa bluu, mlio wa mnyororo, kusitasita.

Nijulishe siku mapema, niombe ruhusa kazini. Wewe utaendesha, muuzaji atakaa mbele pembeni yako. Mimi nitakaa nyuma, mahali pa bibi yako, nisikilize.

Shangazi yako