Kabla kijiko hakijashuka, waulizeni wazee

Ndugu mhariri, shikamoo kama umenizidi, kama hujanizidi basi mambo vipi.

Mtaani kwetu huku Mwanza kuna jiwe wazee walikuwa wanatambikia, tumekua tunaambiwa msipande pale msikojoe pale, basi wiki iliyopita tumeamka tukakuta kijiko kishafika, jiwe linapasuliwa kokoto na udongo wa chini yake unabebwa na tipa kwenda kujazia msingi wa mtu. Nikaona vigae vya vyungu vimezagaa, vina michoro kabisa, namwuliza kijana wa kijiko anacheka, eti hivyo si vyungu vimevunjika tu.

Vimevunjika tu! Mimi asili yangu Bukoba, upande wa Maruku, na pale Katuruka palikuwa na mti unaitwa Kaiija, wazee wa Kihaya wanasema ndo palipokuwa na wahunzi enzi hizo, na Rugomora Mahe, mkama yaani mfalme wa karne ya 17, akaweka ikulu yake hapohapo. Ungesikia ungesema hadithi za jioni. Mwaka 1970 Mmarekani mmoja mtaalamu wa mambo ya kale, Peter Schmidt, akachimba, ila kwanza alikaa chini na wazee wakamwonyesha pa kuchimba. Akakuta mabaki ya kazi ya chuma na vyungu vya Urewe, yaani aina ya vyungu vya wafua chuma wa kale wa huku maziwa makuu, mkaa ukapimwa ukaonekana una zaidi ya miaka 2000!! Yaani mkama alijenga juu ya kiwanda cha watu waliomtangulia miaka elfu na kitu, na habari zao zilikuwa bado mdomoni mwa wazee.

Sasa udongo uko hivi, kila enzi ina tabaka lake, limelalia la chini yake kama mikeka, mchimbaji anafunua mkeka mmoja mmoja na kila kitu anaandika kilikuwa mkeka gani. Kijiko kikipita mara moja tu mikeka yote imechanganyika, hata aje profesa gani hamna kitu hapo.

Na sheria ya mambo ya kale tunayo tangu 1964, inalinda hata vitu vilivyotengenezwa na watu kabla ya 1863, nimeenda kuuliza naambiwa kibali cha kokoto kipo. Sawa, ila nani aliwauliza wazee kabla ya kukitoa?

Vigae vitatu nimeviweka kwenye kopo chini ya kitanda, najua vishatoka mahali pake sijui vitasaidia nini, ila mtu wa mambo ya kale akitaka aje awahi, nusu ya jiwe bado ipo na kijiko kinarudi Jumatatu.

Msomaji wako, Mwanza