Kipanya cha Bluetooth au cha kipokezi

Shoga yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Ujumbe wako nimeupata, ule wa kuuliza ununue kipanya gani cha kompyuta kisicho na waya: cha Bluetooth, au kile kinachokuja na kidude chake cha kuchomeka. Umenitajia mambo matatu, nayo yananitosha kukujibu. Laptopu yako ina matundu mawili tu ya USB, moja limeshikwa na modemu na la pili unachomeka diski ya nje yenye hesabu za duka. Ofisini kuna kompyuta ya mezani ya siku nyingi. Tena una tableti ya Android.

Aina zote mbili hutumia redio, na zote hukaa kwenye masafa yale yale ya gigahezi 2.4. Kinachozitenganisha ni mpokeaji. Kipanya cha Bluetooth hupokewa na redio iliyomo tayari ndani ya laptopu au tableti. Kile kingine huja na kipokezi chake cha USB, na viwili hivyo husemezana kwa lugha ya kampuni iliyovitengeneza. Ndiyo maana ukipoteza kipokezi cha kipanya cha bei nafuu, kipanya chenyewe kimekufa, hata kama ni kipya. Kipokezi cha kampuni nyingine hakitakisikia, na mara nyingi hata cha kampuni ile ile hakitakisikia.

Logitech, kampuni inayotengeneza vipanya, wamelipunguza tatizo hilo kidogo. Tangu mwaka 2009 wana kipokezi kiitwacho Unifying, chenye alama ndogo ya rangi ya chungwa, kinachokubali vifaa hadi sita kwa pamoja. Mwaka 2021 wakaleta kingine, Logi Bolt, chenye alama ya kijani. Hivi viwili havielewani kabisa. Ukitaka kununua kipokezi cha akiba, angalia kwanza alama iliyo chini ya kipanya, kisha tafuta kipokezi chenye alama hiyo hiyo. Vipanya vyao vingi vya bei ya chini havina alama yoyote kati ya hizo, na kipokezi chake ni cha kipanya hicho kimoja tu.

Sasa nikuambie kuhusu diski yako, maana hapa ndipo watu wengi huhangaika na kubadilisha vipanya bure. Kifaa cha USB 3.0, yaani USB ile ya kasi zaidi, kinapohamisha data hutoa kelele ya redio, na kelele hiyo huangukia palepale kwenye gigahezi 2.4. Intel wenyewe, watengenezaji wa chipu za kompyuta, walitoa maelezo juu ya jambo hili mwaka 2012. Kipokezi kikichomekwa pembeni ya diski ya namna hiyo, utaona kishale cha kwenye skrini kinarukaruka au kinaganda wakati unanakili mafaili, na ukichomoa diski kinatulia. Fundi asiyelijua hili atakuambia kipanya ni kibovu. Dawa yake ni waya mfupi wa kurefusha USB, hata wa nusu mita, ili kipokezi kikae mbali na diski na karibu na mkono wako. Kama kompyuta ina tundu la USB 2.0, ambalo kwa kawaida ndani ni jeusi wakati la 3.0 huwa la buluu, kipokezi kikae humo na upande wa mbali na diski.

Bluetooth nayo haijakingwa kabisa na kelele hiyo, hasa diski ikiwekwa ubavuni mwa laptopu karibu na antena. Ila Bluetooth ya matumizi madogo ya umeme, ambayo ndiyo iliyomo kwenye vipanya vingi vya sasa, ina chaneli 40 na hurukaruka kati yake, ikizikwepa zile zilizojaa Wi-Fi. Isogeze tu diski kwa urefu wa waya wake.

Kwa laptopu yako, basi, jibu langu ni Bluetooth. Matundu yako yamekwisha, na kuchomoa modemu kila ukitaka kufanya kazi ni adha isiyo na sababu. Unaweza kuongeza habu ya USB, lakini hapo umejiongezea kifaa kingine cha kubeba na sehemu nyingine ya kulegea.

Tableti pia inataka Bluetooth. Kipokezi hufanya kazi kwenye Android ukiwa na waya wa OTG, ule wa kuchomekea vifaa vya USB kwenye tableti, lakini waya huo utaning'inia hapo na tundu la kuchajia litakuwa limezibwa.

Kompyuta ya ofisini ni habari nyingine. Kompyuta nyingi za mezani za zamani hazina Bluetooth ndani. Ukinunua kijiti cha Bluetooth cha kuchomeka, umeshatumia tundu lile lile ambalo kipokezi kingelitumia, na hujapata faida yoyote. Angalia pia toleo la Windows. Kama bado ni Windows 7, vipanya vya Bluetooth ya matumizi madogo ya umeme havitaunganika, kwa kuwa Windows ilianza kuvikubali kwenye toleo la 8. Halafu kipanya cha Bluetooth kwa kawaida hakifanyi kazi kabla Windows haijawaka. Siku fundi akitaka kuingia kwenye BIOS, yaani mipangilio inayofunguliwa kabla ya Windows, au kuweka Windows upya, kitakuwa kimelala tu mezani. Kipokezi cha USB huonekana kwa kompyuta kama kipanya cha waya, kwa hiyo kinafanya kazi tangu mwanzo. Kusema kweli, kompyuta isiyotoka mezani ningeiachia kipanya cha waya, pesa ikabaki.

Kuhusu kasi, usikubali kuuziwa kwa maneno hayo. Kipokezi cha kawaida hupeleka habari kwa kompyuta kama mara 125 kwa sekunde, yaani kila baada ya milisekunde 8. Bluetooth hiyo ya umeme mdogo kwa kawaida haishuki chini ya milisekunde 7.5 kati ya ujumbe na ujumbe. Kwa hesabu za duka hutaona tofauti. Wacheza michezo ndio wanaohitaji vipokezi vya mara 1000 kwa sekunde, na vinakula betri upesi zaidi.

Jambo la usalama nalitaja kwa sababu unaingia benki kwenye laptopu hiyo. Mwaka 2016 watafiti wa kampuni ya Bastille walionyesha udhaifu walioupa jina MouseJack. Vipokezi vya kampuni kadhaa vilikubali kupokea maandishi kutoka kwa mtu aliye mbali, kana kwamba anabonyeza kibodi yako. Bluetooth haikuguswa na udhaifu huo. Kampuni kubwa zilitoa masasisho, lakini vipokezi vingi vya bei rahisi haviwezi kusasishwa kabisa. Kipokezi cha zamani kisicho na jina la maana usikichomeke kwenye mashine ya fedha.

Ukishanunua, kuunganisha ni hivi. Washa swichi iliyo chini ya kipanya. Bonyeza kitufe cha kuunganisha na ukishikilie kama sekunde tatu, hadi taa ianze kumetameta haraka. Kwenye laptopu fungua mipangilio ya Bluetooth, chagua kuongeza kifaa, subiri jina litokee, kisha ulibonyeze. Usichelewe, maana muda wa kuunganisha huisha baada ya dakika chache na taa huzimika. Kama jina halitokei, au linatokea lakini halishiki, futa jina la zamani la kipanya hicho kwenye orodha na uanze upya. Mara nyingi kinachokwamisha ni kumbukumbu ya muunganisho wa kale. Kama kipanya kina namba 1, 2 na 3, weka laptopu kwenye 1 na tableti kwenye 2, na utakuwa unahama kwa kubonyeza kitufe kimoja.

Kikianza kukatika kila ukikiacha kidogo, fungua Device Manager, yaani orodha ya vifaa kwenye Windows, tafuta redio ya Bluetooth, ingia kwenye sifa zake, na ukiona ukurasa wa Power Management, ondoa alama inayoiruhusu Windows kuizima redio ili kuokoa umeme. Kuchelewa kwa sekunde moja au mbili baada ya kukigusa si ubovu, kinaamka tu.

Kabla ya kulaumu redio yoyote, badilisha betri. Betri iliyochoka hufanya kishale kirukeruke vilevile kama kelele ya diski. Nunua betri za alkali, maana zile za bei ya kutupwa huisha upesi na huvuja, na maji yake hula vibati vya ndani. Ukisafiri kwa wiki kadhaa, itoe. Na usikijaribie juu ya meza ya kioo, kwani sensa za kawaida, yaani jicho lililo chini ya kipanya, hazioni kitu hapo. Weka karatasi chini yake.

Kama mfuko unaruhusu, tafuta kinachobeba njia zote mbili, kama vile Logitech M720, ambacho kina Bluetooth, kipokezi cha Unifying, nafasi tatu za kuhamia na betri moja ya AA. Hicho kingekufaa nyumbani na ofisini, ilimradi kipokezi kibaki kwenye kompyuta ya mezani, kwenye tundu la mbele, kwa kuwa boksi la chuma huzuia mawimbi kipokezi kikiwa nyuma. La sivyo, chukua cha Bluetooth pekee.

Dukani usitosheke na neno "wireless" kwenye boksi, kwa sababu vyote viwili huandikwa hivyo. Tafuta alama ya Bluetooth chini ya kipanya. Kama ni cha njia mbili, fungua kifuniko cha betri uone kipokezi kimo kwenye nafasi yake, kwani vipanya vilivyofunguliwa dukani mara nyingi hukosa. Nitumie picha ya upande wa chini kabla hujalipa, nami nitakujibu siku hiyo hiyo.

Nisalimie mama na watoto.

Shoga yako,
Mwanaidi