Shoga, zile picha nimezichagua mie

Shoga yangu,

Assalaam alaykum warahmatullah. Umzima? Mama na goti lake je? Huku Wete, Pemba, sote wazima alhamdulillah, mvua inakuja inaondoka, na bibi anakusalimia sana, anasema umempotea.

Ujumbe wako niliupata, na lile swali lako juu ya picha nlizokutumia limenikaa. Umeuliza kwa wema tu najua, "hizo picha umechora weye au kompyuta?", nikaanza kukujibu kwa simu nikaona hapana, hili meseji haiwezi kulibeba, bora nikae niandike vizuri kwa sababu nna mengi ya kusema na jambo lenyewe nalipenda.

Programu niliyozitengenezea inaitwa GIMP, ya kutengenezea picha kwenye kompyuta. Ni ya bure kabisa, walianza kuitengeneza wanafunzi wawili wa chuo kikuu cha Berkeley kule Marekani, Spencer Kimball na Peter Mattis, mwaka 1995, na mpaka leo watu wanaiendeleza bila kumdai mtu shilingi. Wengi wanaitumia kusafisha picha za harusi na kuandika bei juu ya matangazo ya biashara. Lakini ukenda kwenye menyu ya Filters, ukateremka mpaka Render, ukaingia Pattern, mle utakuta kitu kinaitwa Qbist, na hapo ndo ninaposhinda mie usiku watu wakishalala.

Ukikifungua kinakuletea kidirisha chenye picha tisa, tatu kwa tatu. Ya katikati ndo ya sasa hivi, nane zilizoizunguka zimetokana nayo, zinafanana nayo lakini kila moja imekwenda njia yake. Huandiki kitu wala hushiki brashi. Unaangalia, unabofya ile iliyokuvuta, inahamia katikati na papo hapo zinakuja nane mpya zilizotokana na hiyo. Unabofya tena. Hivo hivo mpaka uridhike.

Sasa mie wanijua, siwezi kutumia kitu bila ya kujua ndani kunafanyika nini, kwa hivo nikatafuta nikasoma. Kumbe mle hakuna picha hata moja iliyowekwa, kuna hesabu tupu. Inachukua kila nukta ya picha, inaangalia iko pahala gani, umbali wake kutoka kushoto na kutoka juu, zile nambari inazipitisha kwenye mlolongo wa hatua 36, hatua hii inazungusha, hii inasogeza, hii inazidisha, nyengine inapitisha kwenye ile saini tuliyosoma skuli kwenye trigonometria (leo nimeelewa ile ina faida gani), nyengine inapima nambari ndo iamue ifate ipi, na zinazobaki mwisho ndo zinakuwa rangi, nyekundu kiasi gani, kijani kiasi gani, buluu kiasi gani. Mpangilio wa hatua ni bahati nasibu. Na weye ukibofya picha, inachukua ule mlolongo wa ile uliyoipenda, inabadilisha baadhi ya hatua na nyengine inaziwacha kama zilivyo, ndo mana picha mpya zinafanana na ya kwanza bila ya kuwa yenyewe. Wazo hili alilitoa Mjerumani mmoja, Jörn Loviscach, kwenye makala ya c't, jarida la kompyuta la huko kwao, mwaka 1995, halafu mwaka 1997 Jens Restemeier akaligeuza likawa filta ya GIMP.

Haya, nani kachora?

Nikwambie nilichofanya. Nilichukua picha moja ya kuanzia nikaisevu, nikaifungua nikaifanyia kazi mie, kisha nikampa kaka yangu ile ile ya mwanzo kwenye kompyuta ile ile nikamwambia na weye bofya unachokipenda mpaka utosheke. Yangu ikaishia na mistari mipana iliyokaa pembezoni, katikati pametulia, rangi ya manjano ya kuiva na kahawia. Ya kaka ikaishia na maduara yaliyoingiliana na mng'aro wa chuma, utasema mtu kafungua injini ya boti, na yeye ndo kazi yake hiyo kutwa yuko na mashine. Kompyuta ni moja, hesabu ni moja na pa kuanzia ni pamoja. Kilichotofautiana ni macho yetu. Nilipozipanga picha zangu zote nlizosevu nikaona jambo ambalo sikulikusudia hata kidogo, karibu zote zina pindo na mji, yaani ukingo kote na ile sehemu ya katikati, kama kanga. Nimelelewa ndani ya kanga tangu kuzaliwa kwangu, jicho langu likiona picha isiyokuwa na ukingo linaona haijesha.

Na weye mwenyewe shoga, hebu nikuulize. Ukili wa hiyo mikoba unayoshona, ile mikanda ya miyaa, unasuka weye? Wanasuka akina mama wa shamba, weye unaununua umeshatiwa rangi umeshakunjwa, unakaa nao pale barazani unaweka huu na huu, huu unautoa, huu unaupeleka chini, kisha unashona, na mkoba ukitoka kila mtu pale Mji Mkongwe anajua huu wa fulani huu. Hajapata mtu kukwambia mkoba si wako kwa kuwa miyaa hukuichuma weye.

Na watu hawakuanza leo hili jambo. Kulikuwa na bibi mmoja, Vera Molnár, kazaliwa Hungary mwaka 1924 akenda kuishi Paris, huyu kabla hajapata kompyuta alikuwa akijiwekea masharti kwenye karatasi, mraba ukae hapa, kila safu uinamishe kidogo, kisha anayafata kwa mkono hatua kwa hatua, mwenyewe akiita mashine ya kufikirika. Mwaka 1968 ndo akapata kuitumia kompyuta ya kweli. Kafariki Disemba 2023, umebaki kama mwezi mmoja tu atimize miaka 100, na maisha yake yote kayamalizia kwenye miraba na mistari. Nikisoma habari zake namuona bibi yangu kabisa, yule anaesuka mkeka huku midomo inahesabu, juu mbili chini moja, akikosea hesabu anafumua. Halafu kuna Mmarekani, Karl Sims, yeye mwaka 1993 aliweka skrini 16 kwenye jumba la sanaa la Pompidou hapo hapo Paris, kila skrini na picha yake iliyotengenezwa na hesabu, na sakafuni mbele ya kila moja kuna kitu kinachohisi mtu akisimama. Watu wanakwenda kusimama mbele ya picha waliyoipenda, zisizosimamiwa zinaondoka na zilizopendwa zinazaa nyengine. Yaani ni hii hii Qbist yangu lakini unachagua kwa miguu. Hiyo ningependa kuiona wallahi.

Kuchagua ni kazi mwaya, tena inachosha. Mwanzo unabofya kwa furaha, baadae jicho linachoka na kila kitu kinaonekana kizuri, hapo ndo pa kunyanyuka. Mie nikifika hapo nazima, asubuhi baada ya sala naziangalia tena na nyingi nazifuta bila huruma. Na kuna picha zinazovutia kwa haraka, zina mng'aro, mtoto yeyote akipita nyuma yako anasema hiyo hiyo, hizo nimejifunza kuziwacha kwa sababu ukiitundika siku mbili ishakwisha. Ile inayokaa ni ile ambayo unairejea hujui kwa nini.

Sipendi kila kitu chake, nikwambie kweli. Rangi zake nyingi zina ule weupe wa kung'aa kama bati, na ukiwacha hivo hivo kila picha ya Qbist unaijua kwa mbali kuwa ya Qbist. Kwa hivo nikishapata umbo naliingiza kwenye menyu ya Colors, nachagua Posterize, napunguza ngazi za rangi mpaka zibaki chache, ule mng'aro wote unaondoka na picha inakaa bapa kama kitambaa kilichopigwa chapa. Kisha Hue-Saturation kuzipeleka rangi ninakotaka. Kuna na nyengine mle mle inaitwa Flame, iko kwenye Render upande wa Fractals, nayo inakupa picha tisa uchague, imetokana na kazi ya Scott Draves ya mwaka 1992, inatoa kama moshi na nyuzi za mwanga. Nzuri lakini hainikai, laini mno.

Bibi ndo kanishangaza. Unajua hataki picha ya kiumbe ukutani, ndo tulivyolelewa na wengi huku ndo hivo hivo, malaika hawaingii. Nilipomuonesha hizi akazitizama kimya muda mrefu, akauliza "hii haina jicho wala mdomo?", nikamwambia haina bibi, ni umbo tu. Akasema basi hii ya kijani toa kijani kimezidi, kinakula pindo. Nikatoa, na kweli ikakaa sawa! Sasa moja iko ukutani sebuleni juu ya kochi, kaka kaiprintisha Chake Chake.

Najua pia utaniuliza kuhusu zile programu za siku hizi unaiandikia maneno inakuletea picha imeshakamilika. Nimezijaribu. Zile zimefunzwa kwa mamilioni ya picha za watu walizochora kwa jasho lao na wengi hawakuulizwa, na mie nikiangalia picha inayotoka sijui kipi cha nani. Qbist haina cha mtu mle ndani, ni nukta na hesabu zake. Halafu haitaki intaneti, ukishaiweka GIMP mara moja basi, bando liishe lisiishe unafanya kazi, na inakwenda kwenye kompyuta kuukuu ile ya kaka unaijua ilivyo.

Sasa jambo la maana kuliko yote, ukifungua yako usisahau kitufe cha Save mle mle ndani ya kidirisha cha Qbist. Ukishaiwacha picha ikapita na hukuisevu, kuirudia kwa kubofya bofya ni karibu muhali. Na kinachosevika si picha, ni ule mlolongo tu wa hatua, faili lake lina baiti 288. Baiti shoga, hata kilobaiti haifiki! Meseji yako ya salamu za Idd ni kubwa kuliko hiyo. Na mwenye faili lile anaweza kuitoa picha ile ile kwa ukubwa wowote, ya kadi au ya pazia, mistari haikwaruziki kwa sababu inapigwa hesabu upya kila mara.

Kwa hivo nakutumia mafaili mawili kwenye WhatsApp pamoja na barua hii. Mwambie mwanao akuwekee GIMP, halafu fungua karatasi mpya kwenye File, New, andika nukta 3000 kwa 3000, nenda Qbist kwa njia nlokwambia juu, bonyeza Open uchague faili langu, weka tiki kwenye Antialiasing kingo zitoke safi, OK. La kwanza ndo lile la manjano lenye pindo. La pili sikulimaliza makusudi, nimeliwacha pale njia panda, nataka uliendeleze weye kwa jicho lako unirejeshee nione umelipeleka wapi. Usinambie tu "nzuri", nambie kipi kizito, kipi ungetoa.

Nia yangu ni bitana ya mikoba yako. Wale wageni wa Forodhani wakiufungua mkoba wa ukili ndani wanakuta kitambaa cheupe kitupu, mie naona pale ndani pana nafasi. Ukipata umbo tulipendalo sote nitalipitisha kwenye Tile Seamless, iko Filters kwenye Map, inafanya picha ijiunge na yenyewe kila upande bila mshono, kisha tuulizie wanaopiga chapa kwenye vitambaa ni bei gani kwa mita. Uliza na weye huko mjini, huku sijampata. Na bei ya mkoba usiipandishe kwanza mpaka tujue kitambaa kimetugharimu kiasi gani.

Nisalimie mama sana, mwambie ile dawa ya kuchua bibi atampelekea na mtu anaekuja Unguja wiki hii. Watoto wabusu.

Ni mie shogako wa Wete